Kipandio cha Juu

Chuoni, Bweni la Pili
12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkazamjomba hamjambo, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anakusalimu, na anasema jiandae, maana Bibi ameanza kufunga mizigo na safari hii anakuja kukaa kwako, si kutembea. Ningekupigia simu, lakini wewe simu huipokei mpaka uzime mashine, na ukiipokea unapiga kelele hadi majirani zangu wa bweni wanacheka. Bora karatasi.

Mjomba, nimekasirika. Mkufunzi wetu wa kuchomelea, yule tunayemwita Tani kwa sababu ya umbo lake, leo amechukua fremu yangu ya dirisha, kazi ya siku tatu, akaibana kwenye jiriwa na kuipiga nyundo. Nyundo moja tu. Ikaachia kwenye kona. Akanitazama, akasema, "Rudia." Mbele ya darasa zima! Wengine wakajifanya wanatafuta miwani yao ili wasicheke.

Kosa langu eti sikuoka rodi, zile fimbo za kuchomelea, ziondoke unyevu. Kuna tanuri dogo pembeni ya karakana. Yeye hufika saa kumi na mbili asubuhi kuliwasha, na sisi hatugusi chuma mpaka rodi zikae humo saa mbili nzima zikauke. Ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: RODI MBICHI HAIINGII KAZINI. Mimi nimekulia karakana yako, mjomba. Sijawahi kukuona unaoka rodi hata siku moja, na mageti yako yamesimama.

Sasa muhula huu kila mmoja anatengeneza ngazi ya chuma, vipandio kumi. Namba ya mwanafunzi tunaigonga kwa tindo kwenye kipandio cha juu, upande wa ndani, ili asijue ngazi ni ya nani mpaka afike huko. Na anafika kweli! Anazipanda zote ishirini na sita, mtu wa kilo mia na ushee, anasimama juu, anasoma namba, anataja alama kwa sauti. Anasema ngazi si kitu cha kuangaliwa, na kwamba atakayeipanda baadaye hatajua hata jina lako. Mimi naona anapenda tu kutazamwa.

Hebu niambie nani ana haki, wewe au yeye.

Mpwa wako anayerudia fremu

*

Nyumbani, karakana
25 Januari

Mpwa wangu, fundi wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi amefika na masanduku mawili na kiti chake mwenyewe, kwa sababu anasema vya kwetu vimetengenezwa na mtu asiyekaa. Vya kwetu nimevitengeneza mimi. Barua yako nimemsomea nzima, maana macho yake yamekataa herufi ndogo na miwani anasema inamzeesha. Ana miaka themanini na miwili. Mkazamjomba wako amemwachia jiko na sasa anajifanya mgonjwa ili asiulizwe chumvi iko wapi.

Nimecheka, halafu nikaudhika. Kuoka rodi! Kesho atawaambia mzikande kwanza. Mpwa wangu, miaka ishirini na minane nachomelea mageti, ngazi, matoroli, vitanda vya hospitali, na rodi naitoa kwenye paketi naitia kazini. Huyo Tani wako ni mtu wa ubao. Watu wa ubao lazima wawe na masharti, vinginevyo mshahara wataulaje? Na hilo la kupanda ngazi za watoto ni sarakasi. Akitaka kupigiwa makofi aende uwanjani.

Nakutumia paketi nne za rodi nzuri, zile za kazi nzito, kutoka stoo yangu. Kondakta wa basi atakuachia getini. Usizitie kwenye tanuri lake. Chomelea ngazi yako nazo, usage mshono mpaka ung'ae, kisha umwache apande na mbwembwe zake. Akishuka mwambie umefundishwa na mjomba wako.

Bibi anauliza kama unakula.

Mjomba wako

*

Chuoni
2 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi na mkazamjomba. Nisamehe kwa kuchelewa. Ninakula. Mama alipata homa lakini amepona na amerudi sokoni.

Huku kumetokea jambo, na nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Tarehe kumi na nne mwezi uliopita Tani alikuwa anasahihisha ngazi. Alishapanda kumi na sita. Ya kumi na saba aliigonga kwa nyundo kipandio kwa kipandio kama kawaida yake, vyote vikalia vizuri, mshono safi, hata akasema, "Huyu ana mkono." Akapanda. Akafika juu, akainama kusoma namba, akafungua mdomo ili aitaje. Kipandio kikaachia upande mmoja, akaenda nacho. Sakafu ya karakana ni saruji, mjomba. Mfupa wa paja ulivunjika, tuliusikia.

Unajua alisema nini akiwa chini? Alisema, "Kuna mwingine aliyeumia?" Kisha akasema tusiiguse ngazi. Kile kipandio alikuwa amekishika mkononi na hakukiachia mpaka wanamwingiza hospitali.

Tulingoja gari la chuo dakika arobaini. Gari lilikuwa limekwenda kuchukua maua ya ofisi ya Mkuu wa chuo. Maua! Mtu amelala chini, ametoa jasho mpaka shati limeloa, na dereva anachagua maua.

Na hayo si ya kuudhi zaidi. Wiki iliyopita wamebandika tangazo kwamba amesimamishwa kazi "kwa kujihatarisha kinyume cha mwongozo na kwa uzembe katika ufundishaji". Wanataka kumpiga kalamu akiwa kitandani, mguu umening'inizwa. Mkuu wa idara ametuambia darasani, bila haya, kwamba kama mwanafunzi wake amechomelea namna ile basi hakufundishwa. Hakufundishwa! Mtu aliyefika saa kumi na mbili kila asubuhi!

Siwezi kuandika zaidi.

Mpwa wako

*

Nyumbani
14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi mama yako amepona. Bibi amepangua kabati zima la vyombo na kulipanga upya, sasa hakuna anayejua kikombe kilipo isipokuwa yeye, na nadhani ndiyo shabaha yake.

Barua yako ilinipandisha hasira. Nilimwita mtu wa ubao, nafuta. Mtu wa ubao haanguki na kazi mkononi. Na hao wakubwa wako wa maua, Mungu anawaona. Mtu akiumia kazini kwako unamtafutia daktari, humtafutii kosa. Hata mimi mwenye karakana ya mabati najua hilo, wao wenye ofisi na kapeti hawajui?

Hao wanaosema hakufundisha waambiwe wamlete mwenye ngazi, aseme mwenyewe kama alifundishwa au la. Si jambo la kamati, ni jambo la sentensi moja.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Rudi nyuma. Mbona huyu mtoto hasemi ngazi ilikuwa ya nani?" Nikamwambia labda hajui.

Halafu hukuniambia kama zile rodi zilifika. Nauliza tu.

Mjomba wako

*

Chuoni
9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo nyote. Mvua imeanza na bweni linavuja juu ya kitanda cha mwenzangu, kwa hiyo tunalala wawili kwenye changu. Mwambie Bibi nimenenepa kidogo.

Mjomba, ofisini kwa Mkuu wa chuo kuna karatasi kwenye kioo, imeandikwa "Sifa za Mkufunzi Bora". Ziko kumi na mbili, nimezisoma zote nikiwa nimesimama. Anavaa nadhifu. Anawahi vikao. Anajaza kumbukumbu kwa wakati. Anafuata mwongozo. Kwa karatasi hiyo ndiyo wamempima Tani, na wamempa arobaini na moja kwa mia. Nadhifu, sifuri, kwa sababu ovaroli lake lina matundu ya cheche. Nilitaka kukivunja kile kioo.

Hakuna pale panapouliza nani anawasha tanuri. Hakuna panapouliza nani aliona, wiki ya kwanza kabisa, kwamba mimi natumia mkono wa kushoto, akanyamaza, kesho yake nikakuta amehamisha meza yangu, waya na pazia la kukinga mwanga, vyote vimegeuzwa upande wangu. Nilidhani ananitenga. Kuna mwenzetu ana kigugumizi. Tani alimuuliza swali, akamngoja, darasa zima kimya, dakika nne nzima, na mmoja alipojaribu kummalizia neno alimtolea jicho mpaka akakaa. Sasa yule mwenye kigugumizi ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko sote. Hiyo wameiweka kwenye sifa ya ngapi?

Na ile siku ya fremu yangu. Sikukuandikia yote Januari kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilipotoka kula mchana nilikuta vipande vipya juu ya meza yangu, vimekatwa, vimepigwa chaki mahali pa kuunga. Yeye hakwenda kula.

Aliyeletwa badala yake tunamwita Shati Jeupe. Havuki mstari wa manjano wa karakana. Anasimama mlangoni anatusomea kurasa, na akimaliza ukurasa anauliza "Mmeelewa?" huku ameshafunua mwingine. Tanuri limewekewa maboksi ya karatasi juu. Kwenye sifa kumi na mbili amepata themanini na nane.

Kamati ya nidhamu itakaa tarehe ishirini Mei. Wamekuwa wakituuliza ngazi ilikuwa ya nani, maana Tani hasemi. Kumi na sita walishatajwa, kwa hiyo ni mmoja wetu kati ya kumi. Jioni ya siku ile ile ya ajali, kabla hata hawajauliza, darasa lote tulishika grinda na kufuta namba kwenye ngazi zetu zote zilizobaki, ili isijulikane ipi imekosekana. Mrefu, kiongozi wetu, alisema hatuwezi kumtoa mwenzetu kafara. Tuliona ni uungwana.

Wenzangu wanakwenda kumwona hospitali kila Jumamosi. Mimi sijapata nafasi.

Mpwa wako

*

Nyumbani
17 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi wazima, salamu baadaye.

Uungwana gani huo? Mmefuta namba ishirini na tano ili mmoja asiaibike, na mzee wa watu anamwaga unga kwa ajili yenu! Huyo Mrefu wenu ana urefu tu. Mwalimu amewalinda, nanyi mmejilinda nyinyi wenyewe, na yeye nani anamlinda? Ningekuwa karibu ningekuja na hiyo grinda yenu.

Bibi ameniuliza maswali mawili na nimeahidi kuyaandika kama alivyoyasema. La kwanza: "Kakosa nafasi Jumamosi nane?" La pili ni lile lile la mwezi uliopita. Nilipojaribu kuruka mistari nikimsomea barua yako, alinishika mkono. Haoni herufi, lakini mimi ananiona.

Nami ninalo langu, mpwa wangu, na nimelizungukia tangu Machi. Zile rodi nilizokutumia zilikuwa stoo tangu masika ya mwaka jana. Paa la stoo linavuja. Nilijua linavuja. Paketi za juu niliziuza, za chini zikabaki, na nilipopata barua yako nilijawa na kiburi cha kumshinda mtu nisiyemjua, nikakufungashia hizo hizo. Jana nimechukua rodi kutoka boksi lile lile, nikaunga vipande viwili, nikausaga mshono ukang'aa kama sahani. Nikaupiga nyundo. Ulikatika kama biskuti. Ndani umejaa matundu, mtu angeweza kuyahesabu.

Mkazamjomba alinikuta nimekaa chini sakafuni akadhani ni mgongo.

Sikuulizi tena ngazi ilikuwa ya nani. Nakuambia tu kwamba najua rodi zilikuwa za nani. Kuoka hukuoka kwa sababu nilikukataza, na mimi nikakukataza kwa sababu sijui kazi yangu kama nilivyodhani. Lakini kwenye hiyo kamati siwezi kukusemea. Nikija na kusema mimi, watasema ni mjomba anayemtetea mtoto wake.

Tarehe ishirini Mei si mbali.

Mjomba wako

*

Chuoni
24 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo Bibi, na najua unasikiliza, kwa hiyo mjomba asiruke hata neno.

Ngazi ilikuwa yangu. Namba ishirini na tatu.

Barua yako ya Aprili niliisoma nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro mwezi mzima. Nilikuwa nimejiambia kwamba pengine haikuwa yangu, kwamba ngazi zote zinafanana. Zinafanana kwa mtu mwingine. Mimi nilijua hata kabla kipandio hakijafika chini. Rodi nilizificha kwenye begi. Tanuri lilikuwa linawaka, Tani ameliwasha mwenyewe asubuhi ile, nami nikampa mgongo nikachomoa zako. Aliposema "Huyu ana mkono" nilijisikia mrefu kuliko Mrefu.

Tarehe ishirini tulisimama nje ya chumba cha mikutano, wote. Aliruhusiwa kiongozi mmoja tu kuingia. Mlango haukufungwa vizuri, tukasikia. Mkuu wa idara akasema, "Mwanafunzi aliyefundishwa hawezi kuchomelea hivi. Ama hukufundisha, ama hukukagua." Tani akasema, "Nilikagua kwa kupanda." Wakamuuliza namba aliyoisoma kule juu. Akasema amesahau. Wakamwambia akikumbuka, shauri litakuwa jepesi kwake. Akasema, "Nimeanguka kutoka juu ya ngazi, waheshimiwa. Kusahau nako mnataka kuniandikia kosa?"

Mjomba, nilisukuma mlango. Sikumbuki kuamua. Nilijikuta mbele ya meza yao ndefu yenye maji ya chupa, nikasema, "Ni yangu. Alinifundisha kuoka rodi tangu wiki ya kwanza. Imeandikwa ukutani, kanipasulia fremu kwa ajili hiyo, na bado nilificha rodi mbichi kwenye begi. Kama kuna mzembe hapa ni mimi."

Mkuu wa chuo akafunga faili, akasema vizuri, mhusika amepatikana, na afukuzwe leo.

Tani alikuwa amekaa na magongo yake na mfuko wa plastiki mapajani. Alisimama bila magongo, nadhani alisahau kwamba ana mguu mbovu. Akatoa kitu mfukoni akakibwaga mezani, chupa zikaanguka. Kilikuwa kile kipandio. Namba yangu ilikuwepo, inasomeka, ishirini na tatu.

"Miezi mitatu nimelala na hii chini ya mto," akasema. "Mngeniuliza ninachokijua ningewaonyesha, nyinyi mliniuliza ninachostahili kulaumiwa. Sasa huyu amekuja kwa miguu yake kusema kweli, na zawadi yake ni kufukuzwa? Kesho nani atathubutu kusema kweli ndani ya chuo hiki? Wekeni hilo kwenye kioo chenu!"

Nilidhani ananitetea. Akanigeukia, macho mekundu. "Na wewe! Mfupa wangu umeunga kabla ya ulimi wako. Wodi ya nne ilikuwa mbali? Kila Jumamosi mlango ukifunguka nageuza shingo. Wanaingia wote, huingii wewe. Ulidhani nitakula nyama yako?"

Nililia, mjomba, mbele yao wote, na sikujali.

Walibishana mpaka saa nane. Mwisho wamemrudisha kazini, kwa onyo. Mimi narudia ngazi mwezi wa Julai, nami kwa onyo. Na wamepitisha mwongozo mpya: mkufunzi haruhusiwi kupanda kazi ya mwanafunzi kamwe. Ngazi zitapimwa kwa mifuko miwili ya saruji, ipandishwe kwa kamba hadi juu.

Nje nilimbebea mfuko wake. Aliniuliza rodi nilizipata wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza kwa fundi gani. Nikamwambia kwa fundi mzuri, ambaye stoo yake inavuja. Sikukutaja.

Jana alikuja karakana, akayatoa maboksi juu ya tanuri moja moja huku ameegemea gongo, akaliwasha. Mrefu akamuuliza anaonaje hiyo mifuko ya saruji. Akasema, "Itapima chuma. Lakini mfuko wa saruji hauogopi. Nilikuwa napanda ili mnione naogopa, mkumbuke kuna mtu huko juu."

Sikujua kwamba alikuwa anaogopa. Mara zote zile, mjomba.

Mpwa wako

*

Nyumbani
3 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na Bibi anaitikia yake mwenyewe, kwa sauti, hapa pembeni. Nimemsomea yote bila kuruka. Nilipofika pale pa mlango aliniambia nirudie, nikarudia mara tatu, kisha akasema macho yake yanawasha na kwenda kupanga vikombe.

Nimekukasirikia kwa miezi mitatu ile na sitakuficha. Nimejikasirikia zaidi. Wewe umenificha mbele ya mwalimu wako, na ninakushukuru, lakini hapana. Nimemwandikia barua yangu kwa mkono wangu, nimejitaja: mimi ndiye fundi wa stoo inayovuja. Kama ana matusi ayalete huku, anuani nimeweka.

Paa nimeliziba. Nimekata pipa nikalifanya tanuri, na mkazamjomba anasema nimeota pembe uzeeni, naoka chuma na yeye hana pa kuokea mkate. Rodi zote za boksi lile nimezitupa shimoni.

Kisha nilikaa nikajiuliza, tangu masika ya mwaka jana nimeuza ngazi ngapi? Nne. Nimezifuata zote, nimebisha hodi kwenye nyumba za watu, nikawaambia naomba kupanda ngazi yako. Wameniona nimechanganyikiwa. Tatu zilinibeba. Ya nne ni ya tangi la maji pale zahanati, ile anayopanda muuguzi kila wiki kutazama maji. Kwenye kipandio cha sita nilisikia mlio mdogo. Nilishuka, mpwa wangu, nikaenda kuchukua grinda. Nimeikata yote vipande na leo naanza nyingine, bure, na nimemwambia muuguzi sababu. Alinitukana vizuri sana. Alikuwa na haki.

Sasa sikiliza. Hiyo karatasi ya wakubwa wenu inasema mkufunzi asipande. Umeniandikia mwenyewe, nimeisoma mara mbili. Haisemi kitu juu ya wajomba.

Oka rodi zako, zikae saa mbili, zikauke. Chukua muda wako, gonga namba yako juu isomeke vizuri, kisha uniandikie tarehe. Nitakuja na basi la asubuhi. Mwambie mwalimu wako asimame chini na gongo lake, mahali nitakapomwona, na hiyo mifuko ya saruji waiache stoo.

Nina kilo mia na nane, na ninaogopa sana.

Mjomba wako